Binti yangu ananingoja Lubutu, mimi nalowesha mizizi

Mama Clémentine, wewe unayesoma barua za watu redioni bila kuwacheka sana, nisaidie upesi, maana hata barua hii naiandika nikiwa nimesimama, nimeshaacha kalamu mara tatu kwenda kugusa mizizi, na nikimaliza mstari huu nitakwenda tena.

Niko hapa Alunguli, Kindu, nina miaka hamsini na mitatu, nashona nguo barazani kwangu. Kwenye ukuta wa baraza hiyo kumetundikwa kipande cha mbao, na juu ya mbao kumefungwa okidi, lile ua linaloota kwenye matawi makubwa ya msituni na lisilotaka udongo. Mume wangu Isidore alikuwa mpasua mbao huko Obokote, na kila walipoangusha mti yeye alikimbilia matawi kabla ya gogo, akayaokota maua hayo, akayafunga kwenye mabaki ya mbao, wenzake wakamcheka, naye akaendelea tu. Vita ilipotufikia, mwaka 2002, tulilala msituni wiki tano pamoja na mtoto wetu Germaine aliyekuwa na miaka mitano, tunakula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, na siku moja Isidore akasema anakwenda kutafuta chumvi. Kabla ya kuondoka alichana ukingo wa kikwembe changu cha kujifunga, akafunga ua moja kwenye mbao, akaniwekea mikononi, akasema, «Mama Germaine, mizizi yake isikauke mupaka nitarudia. Siku tatu tu.» Hakurudi. Hakuna aliyeniambia kwamba alimwona amekufa, wala aliyeniambia kwamba alimwona mzima.

Tulipokimbilia Kindu nilikuwa na mzigo mgongoni na ile mbao kichwani, na Germaine akatembea kwa miguu yake, majuma mengi, mtoto wa miaka mitano. Sikutaka kuliandika hili, lakini nimeshaliandika.

Sasa Germaine ameolewa Lubutu, mimba mbili zimetoka, hii ya tatu imeingia mwezi wa nane, na wewe unajua kwetu, kwa mtoto wa kwanza, ni mama wa binti anayekwenda kumkanda mzazi kwa maji ya moto na kumwogesha mtoto, si mama mkwe wala jirani, nisipokwenda watasema msichana huyu hana kwao. Juzi amenipigia simu. «Mama, unakuja ao haukuje?» Nikamjibu, «Nitakuja, lakini hii maua nitaachia nani?» Akasema, «Wakati ya vita ulibeba ile mbao, miye nikatembea. Leo tena njo mbao, si miye?» Akakata. Tangu hapo napiga, hapokei.

Na sasa sikia jambo ambalo sijamwambia hata padri. Ua hili si lile. Miaka tisa iliyopita nilikwenda Kibombo kwenye kilio cha dada yangu, nikakaa siku sita, nikarudi nikakuta majani yameanguka, na nilipovuta mizizi ngozi yake ikavuka mkononi kama soksi, ikabaki nyuzi. Nikajua nimeliua kwa kiu. Niliingia msituni peke yangu, nikatafuta mpaka nikapata linalofanana, nikalifunga kwenye mbao ileile kwa kipande kingine cha kikwembe kilekile, watu wote wanaamini ni la Isidore, na Germaine alipoolewa akaniomba nimkatie tawi moja akumbuke baba yake, nikamnyima, kwa aibu. Tangu Kibombo sijalala nje ya nyumba hii hata siku moja. Nalowesha asubuhi, saa sita, alasiri na jioni, nafunika mizizi kwa kitambaa chenye maji, hata katikati ya misa natoka. Na bado mizizi imeanza kuwa myeusi tena, na miaka tisa yote ua halijaishika mbao, nikifungua kitambaa linaanguka. Asumani, jirani yangu seremala, alikuja kuangalia, akabonyeza, akasema, «Mama, hii mbao iko inaoza. Ona, kidole kinaingia.» Anataka kunipa nyingine. Mimi siwezi kukata kile kitambaa, mkono unakataa.

Niende au nibaki? Na nikienda, likafa tena, nitamjibu nini Isidore? Nisomee haraka, naogopa mtoto atanitangulia.

Mama Germaine, Alunguli

*

Mama Germaine, weka kopo la maji chini. Najua unalo mkononi. Liweke, halafu unisikilize.

Pole, na pole hiyo inatoka moyoni. Umefiwa bila maiti, bila kilio, bila siku ya kuanua matanga, na badala yake ukapewa mbao ya kulowesha. Nilipofika pale mtoto anapotembea nilifunga barua yako, nikaenda kunywa maji kabla ya kuendelea. Sasa ngoja nikugombeze.

Mimi nina okidi tatu barazani, na kabla ya hizo niliua saba, kwa hiyo haya nimejifunza kwa aibu. Mizizi ya ua hilo inaishi hewani. Ikikauka inakuwa na rangi ya majivu, ukiimwagia maji inageuka kijani, na ikishakuwa kijani imekunywa, imetosha, iache ikauke mpaka kesho. Wewe unailowesha mara nne kwa siku na kitambaa juu! Umeandika mwenyewe kwamba mizizi ya lile la kwanza ilivuka ngozi kama soksi. Mzizi uliokufa kwa kiu unasinyaa na kuwa mgumu. Unaovuka hivyo umeoza. Ua la Isidore lilikuwa limeshaoza kabla hujapanda pikipiki ya Kibombo, na lilioza kwa maji yako. Najua inauma kusikia hivyo. Lakini angalia nilichokuondolea: kwenda kwako kumlilia dada yako hakukuua kitu chochote. Miaka tisa umejifungia ndani kwa kosa ambalo hukulifanya.

Na hili la pili halijashika mbao kwa sababu hiyohiyo. Mzizi unakumbatia mbao pale unapotafuta maji, na wako hujauacha utafute hata siku moja.

Isidore aliyajua haya yote. Maua yake aliyatoa juu kabisa, ambako hakuna mtu anayepanda na kopo. Basi kwa nini alikuagiza? Alikuambia siku tatu, mama. Mimi naona mtu anayekwenda kutafuta chumvi katikati ya vita alikuachia kazi ndogo ya mikono ili usikae ukitazama njia. Alikupenda, ni hayo tu. Yeye alisema siku tatu, wewe umeongeza miaka zaidi ya ishirini, na hayo si maneno yake tena. Na Isidore hatarudi. Jirani zako wanaogopa kulisema, basi nimelisema mimi. Kamwombee misa yake, na safari hii ukae mpaka mwisho.

Leo hii, kabla jua halijazama, mwite Asumani. Akate kitambaa yeye, wewe ukitaka ugeuke pembeni. Mizizi myeusi na laini iondolewe kwa wembe safi, iliyo mizima, inayogeuka kijani, ibaki. Ua lisiende kwenye mbao nyingine iliyopigwa randa, liende kwenye mti ulio hai, wenye magome ya kukwaruza, palipo na kivuli cha mchana. Kama una mparachichi uani, unafaa. Asumani aweke nyuma ya mizizi kidogo tu ya ile nyasi laini ya kijani inayoota kwenye magogo, asiizibe shingo ya ua, afunge kwa soksi ya nailoni, na mizizi mipya ikishashika aikate soksi. Mvua italinywesha. Jua likizidi siku tatu mfululizo, yeye apitishe maji asubuhi, mara moja, aende zake kazini. Likifa, limekufa ua. Msitu unayo mengine.

Mbao ya zamani usiitupe. Katika hivyo vyote, ndiyo peke yake iliyoguswa na mikono ya Isidore. Ianike juani siku mbili wakati unafunga mizigo, maana mbao hata ikioza nusu ikikauka inawaka. Kisha ifunge kwenye mzigo, upande pikipiki ya Lubutu mara moja, usingoje uchungu uanze, njia hiyo unaijua, mvua moja inaweza kukulaza njiani, Punia.

Ukifika, Germaine hatakupokea kwa vigelegele. Mwache akasirike, ana haki yake. Mwambie habari ya ua, yote, na habari ya Kibombo, na umwambie kwa mdomo wako kwamba ulipaswa kumbeba yeye. Usijitetee kwa vita. Vita tunaijua sote.

Siku atakapojifungua, washa moto kwa mbao ya baba yake, na kwa moto huo chemsha maji ya kumkanda. Baba alikwenda kutafuta chumvi kwa ajili ya Germaine, sasa mbao yake imfikie. Ukishamkanda, ukishamwogesha mtoto, chuchumaa chini, umwombe Germaine akufungie mjukuu mgongoni kwa kikwembe kizima, kisichochanwa. Halafu tembea naye uani polepole, na kichwani usibebe kitu.

Mama Clémentine