Nyuma Yako Kuna Nyasi Tu

Kaka Otim,

Sauti iliyobaki kwangu si ya hospitali, wala ya udongo. Ni ya mpira ukitua kifuani mwako. Wengine wote niliowaona wakidaka mpira wa juu, mpira huwagonga nao hugutuka. Kwako ulikuwa unafika tu. Puh, kisha kimya, kama mtu anayefunga mlango polepole asimwamshe mtoto. Naisikia kazini kwangu, maktaba ya Skärholmen, ninaporudisha vitabu kwenye rafu. Naisikia kwenye treni kabla ya kituo chetu cha mwisho, behewa likiwa limebaki na mimi peke yangu.

Nakuota mara nyingi, ila sikuoni kamwe. Niko kwenye uwanja wa shule, hapa Hagsätra, pembezoni mwa Stockholm. Ni Juni na mwanga haukubali kwisha. Mpira umepanda na haushuki. Sigeuki, kwa sababu ulinikataza kugeuka. Nakusikia tu nyuma yangu: "Kushoto, mdogo wangu. Kushoto kidogo. Hapo." Nami nasimama hapo, nahisi ni miaka, shingo imeinuka.

Theluji imeyeyuka. Shule imepata mtunza majengo mpya wa kushika kazi yako, kijana mpole, amepaka rangi ya kijivu mlango wa ghala lako. Watoto bado wanauliza yule mwenye pua iliyopinda yuko wapi. Redio inasema vita vimekwisha kwetu Uganda, na wenzetu wanaulizana nani ataanza kurudi. Mama Nabirye wa ghorofa ya pili aliuza kochi lake ili arudi, halafu akalinunua tena. Kwenye matanga yako ndiye aliyetuchekesha. "Huyu nilimtupia sambusa kutoka jikoni," alisema, "yeye yuko mlangoni anavua viatu, hata hatazami, akaidaka. Nikamwambia, Otim, hata chakula unakivizia?" Nilicheka na wengine. Kisha sikuweza kuacha, ikabidi wanipeleke chumbani.

Ni wachache pale waliojua ulikuwa nani. Walijua ulicheza mpira Uingereza, basi. Mimi ndiye niliyesimuliwa, jioni baada ya jioni, ukikanda goti lako kwa mafuta. Mji wa viwanda wenye mvua isiyoisha. Siku za kazi ulikuwa kwenye mashine za kufuma, Jumamosi ulivaa jezi namba moja ya raga, kwa malipo. Nilikuuliza mbona namba moja anasimama nyuma kabisa, ukasema ndivyo raga ya watu kumi na watatu inavyohesabu, inaanza na yule ambaye hana mtu wa kumsaidia. "Winga akikosea, kuna mtu nyuma yake. Beki wa mwisho nyuma yako kuna nyasi tu."

Katika mechi yako ya kwanza wapinzani walikupigia mipira ya juu makusudi, mgeni mweusi, wakuone ukiiangusha. Uliuangusha wa kwanza. Uliuangusha na wa pili, na watu wako wenyewe wakacheka. Ndipo yule mzee wa mstari wa mbele, aliyekosa meno, alipokupita akakuambia usiutazame ukishuka, utazame ukipanda. Wa tatu haukukuponyoka, wala iliyofuata, misimu minane, mpaka goti lilipokataa na ukaja kuishi nami huku.

Hapa Stockholm kulikuwa na klabu ya raga, lakini ya watu kumi na watano, mchezo wa wasiolipwa. Sheria yao ilikuwa moja: aliyewahi kulipwa kwenye ile ya kumi na watatu hachezi kwao tena, hafundishi, hapangi hata koni za mazoezi. Kocha wao, Emrys kutoka Wales, alikutambua siku ya kwanza. Alikujia na aibu usoni, akasema ungeweza kutumia jina jingine, nani atajua. Nilikuwa nimesimama karibu. Ulimjibu kwa upole kwamba mpaka wa Busia, ulipokimbilia Kenya, uliuvuka kwa jina la mtu mwingine, na mara moja inatosha.

Ukawa unakwenda kuwatazama tu, nje ya kamba, mikono mfukoni. Sikuwahi kukusikia ukiwalaumu. Mimi niliwalaumu kwa niaba yako, kimyakimya, kama ninavyofanya mambo yangu yote.

Kisha ukanifundisha mimi. Hukuwa na mwingine. Nilikuwa klabu yako nzima, msichana mwenye miwani aliyependa kusoma, kwenye changarawe ya uwanja wa shule, glavu mikononi. Ulipiga mpira hadi ukawa mdogo kama ndege. "Utazame ukipanda. Usikimbie, nenda." Nilipoudaka ulikuwa husemi kitu. Nilipoukosa ulisema, "Mwingine." Na kila mara ulinigombeza kwa kunyamaza. "Beki wa mwisho ndiye anayeona uwanja wote. Akinyamaza, wote waliotangulia ni vipofu. Sema, bwana. Una sauti, sijui umemwekea nani."

Emrys alikuja kwenye mazishi na watu wake, wamevaa tai, wakasimama nyuma kabisa kati ya misonobari. Alinishika mkono akaniambia walipaswa kukuacha tu uingie, kwamba alijua hivyo tangu zamani. Nilirudi nyumbani na maneno yote kinywani.

Baada ya Pasaka akaja maktabani na Annika, nahodha wa timu yao mpya ya wanawake, mrefu, anaongea kwa sauti ya kawaida mahali ambapo watu hunong'ona. "Tuna wasichana wenye mbio," alisema, "lakini mpira ukienda juu tunatawanyika kama kuku. Emrys anasema wewe umefundishwa." Waliniomba nicheze nyuma, niwafundishe na wengine.

Kaka, nilitaka. Sijui kama nimewahi kutaka kitu namna ile. Na papo hapo niliona aibu, kama mtu anayekaribishwa kula kwenye nyumba ambayo ndugu yake alinyimwa maji. Nilihisi nikiingia nakuacha nje ya kamba peke yako. Nisipoingia, ulichonifundisha kinaozea mikononi mwangu. Wiki nzima nilizunguka na jambo hilo. Niliteremka kwenye vituo visivyo vyangu.

Hatimaye nilikwenda klabuni. Walikuwa wanavua mabuti. Nilisema nitakuja, ila kwanza waje wao. Jumapili moja, uwanja wa shule ya Hagsätra, tucheze mchezo wa kaka yangu, wa watu kumi na watatu, kwa sheria zake.

Emrys akaweka buti chini. "Dada, chama cha raga kikisikia tumegusa mchezo ule, tunaweza kufungiwa sote."

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana."

Nikaongeza kwamba simlazimishi mtu, nikatoka.

Jumapili ile nilifika mapema. Nilichora mistari kwa chokaa. Kulikuwa na ukungu, na kwa muda mrefu nilikuwa peke yangu na mistari yangu. Kisha Annika akatokea upande wa kituo cha treni, na wengine nyuma yake, wanawake na wanaume wachache, mifuko begani. Hatukutimia, tulicheza pungufu. Niliwaeleza kwamba huku aliyeangushwa huachiwa ainuke, ausukume mpira nyuma kwa mguu, na timu ikiangushwa mara sita inawapa wenzao mpira. Walicheka kwa ugeni wake. Mama Nabirye alitazama kutoka kwenye ukuta wa shule, shali kichwani: "Hawa watu wazima wanagombania nini na asubuhi yote hii?"

Emrys alikuja mwisho. Alisimama nje ya mstari, mikono mfukoni, vilevile ulivyosimama wewe. Nilimwona na sikumwita. Mpira ulitoka, ukamwendea miguuni. Akautazama. Akauokota, akavuka chokaa, akaniuliza, "Nisimame wapi?" Macho yake yalikuwa mekundu. Nikampeleka mstari wa mbele, mahali pa wazee.

Ukungu haukuondoka. Mipira ilipanda ikapotea ndani yake, na sote tukasubiri vichwa juu, watu waliokunyima na mtu uliyemfundisha, hakuna aliyejua itarudi wapi. Mmoja ulinijia. Sikukusikia nyuma yangu. Ilikuwa mara ya kwanza, na niliudaka.

Lala, Kaka. Sitakuja kaburini kila wiki kama nilivyosema, nisamehe. Nakuahidi hili badala yake: popote watakaponiuliza nimejifunza kwa nani, nitasema ulicheza mchezo gani, na kwamba ulilipwa, na kwamba ulistahili.

Chama hakijauliza kitu bado. Kikiuliza tutajibu. Jana tulicheza na wanawake wa Uppsala, na nilisimama nyuma ya wote.

Mdogo wako.