Mstari Uliokwepa Nyumba Yetu

Jumatano, Aprili 2007. Mvua tangu alfajiri.

Hapa mjini, Mlandege, maji yamefika kwenye vizingiti vya maduka, na mie nimejibanza ndani ya intaneti kafe, viatu vimelowa chapachapa. Wanaopita kwenye blogu hii wamezoea kunikuta nikiringa na mbinu zangu za kuchora barabara kwa kompyuta: hifadhi nakala kila mara, usiamini vipimo ulivyoletewa mpaka uvihakiki, na kadhalika. Leo sina cha kuringia. Nimeharibu, na sijui nishike wapi.

Nianze na mbinu yenyewe, angalau mtu mmoja afaidike. Ukichora mstari wa katikati ya barabara, programu inakumbuka ulianzia wapi, na mwanzo huo ndio unaoamua kulia na kushoto. Ukianzia upande mwingine, kushoto kunakuwa kulia, na kompyuta haikuambii kitu. Kwa hiyo kabla hujaiamuru ipanue barabara, bofya ule mstari, tazama mshale unaelekea wapi. Halafu chapisha karatasi, uende nayo ukasimame barabarani kwa miguu yako.

Mie sikuutazama mshale.

Kazi yenyewe ilikuwa barabara ya kuingia kwetu Jambiani. Wapimaji walianzia barabara kuu wakashuka hadi pwani, wakaandika daftarini: panua kushoto. Mie nikachora kuanzia pwani. Wala sikufikiri. Nimezaliwa kule, kwangu mie barabara ile inaanza mlangoni kwa mama, halafu ndiyo inakwenda mjini.

Basi upanuzi ukaangukia upande wa pili, juu ya nyumba ya Bi Mwatima, jirani tunayetazamana naye mlango kwa mlango. Nyumba ile kaijenga kwa pesa za kulima mwani, miaka na miaka ya kuinama ndani ya maji ya chumvi. Nyumba ya mama ikasalimika.

Na hapa lazima niseme kweli, maana nisipoisema hapa sitaisema popote. Kwenye kompyuta nyumba ni visanduku tu, lakini kisanduku chetu nakijua. Siku ile nilipoona upanuzi umekikwepa, nilisema alhamdulillahi, nikafunga faili. Mie ninayehakiki kila kitu mara tatu! Siku ile sikuhakiki hata mara moja.

Sikutaka kujua.

Ijumaa nilikwenda nyumbani, nikaikuta alama ya X nyekundu ukutani kwa Bi Mwatima, na bati zote zishashushwa. Hakungoja tingatinga; kaezua mwenyewe, asije akazipoteza. Kitanda chake, masufuria yake, hata mlango wake wa mbele, vyote viko chumbani kwa mama. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akanishika mkono, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo kompyuta yenu haikuona pengine pa kupita?"

Nilicheka. Lo, nilicheka! Sijui kicheko kile kilitoka wapi.

Jumatatu nikalichukua daftari la wapimaji, nikabofya mstari. Mshale unatoka pwani unapanda juu. Nikaugeuza. Nyumba ya mama ikaliwa nusu, na chumba chenye vitu vya Bi Mwatima kikaliwa chote.

Leo asubuhi nilijikaza nikamwendea mkubwa wangu ofisini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nyumba ya yule bibi ishaezuliwa. Nikamwambia ishaezuliwa. "Sasa unataka tuezue na ya mama yako? Michoro ishatiwa saini. Wacha ilivyo." Nilipofika mlangoni akaniita, akaniambia nikae kimya, kwani kijijini hakuna atakayeamini kwamba nilikosea. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, maana hata mie sina hakika kama nilikosea tu.

Na mvua hii yote, masikini, inanyea ndani ya nyumba isiyo na bati.

Mchana nilimpigia simu mama. Nilimweleza kila kitu, mpaka ile alhamdulillahi. Nilitamani anifokee. Hakunifokea. Alisema taratibu, kama mtu asiyetaka kusikiwa, "Mwatima yuko hapa jikoni, anatukunia nazi. Nimwambie mie, au utakuja kumwambia wewe?"

Nikasema nitakuja mwenyewe.

Kesho naenda. Nikishamwambia, halafu nini? Maneno yangu hayarudishi bati juu. Kila nikifika nyumbani huwa napiga hodi kwa mama kwanza, kisha navuka barabara nikapige hodi kwa Bi Mwatima. Safari hii kwake hakuna mlango wa kupigia hodi. Mlango wake uko kwetu.