Mchungaji Hataki Kuruka

Jumatatu, 14 Oktoba

Kware thelathini na nane, wote wazima. Maji yao yalikuwa na utando wa barafu.

Delbert kapiga simu toka hospitali huko Wichita kabla sijavua buti. Wiki ya tisa tangu mume wangu ateleze kwenye banda la kware hao hao akavunjika nyonga, na bado anaamuru kama yuko mlangoni. Watupie chakula, geuka, ondoka. Usiongee nao. Usimpe yeyote jina. Nikasema ndiyo, ndiyo.

Habari za kware niliyemwita Mchungaji sikumwambia. Alitotolewa wa mwisho, hoi, nikamlea jikoni ndani ya boksi la viatu. Sasa ana koo jeupe kama kola ya kanisani, na nikiingia bandani anakuja kwa miguu kupanda buti langu. Wenzake wameanza kumwiga. Wanakula mkononi. Nyumba hii kubwa kwa mtu mmoja, lazima uongee na kitu.

Jumatano, 16 Oktoba

Keshokutwa Tansy, mbwa wa Delbert, anaanza mazoezi ya ndege. Mwaka mmoja na nusu, mweupe, mabaka ya kahawia, masikio hayatulii.

Delbert ana miaka sabini na sita, na kasema wazi kwamba huyu ndiye mbwa wake wa mwisho. Anarudi tarehe nane Novemba. Tarehe tisa msimu wa kuwinda unafunguliwa. Anataka kitu kimoja tu: Tansy amnuse kware kwenye majani, asimame kama kigingi, asiguse, mpaka mtu aende amkurupushe ndege aruke. Mbwa anayerukia ndege ni mwizi wa kuku, ndivyo asemavyo, na hatembei na wezi. Wawili waliomtangulia Tansy aliwagawa kwa kosa hilo.

Ijumaa, 18 Oktoba



Nilifanya yote kama nilivyomwona Delbert akifanya miaka arobaini. Nikamzungusha kware hadi akapata kizunguzungu, nikamficha kichwa chini ya bawa, nikamlaza kwenye majani. Nikamleta Tansy kwa kamba ndefu. Akanusa. Akasimama — mguu juu, mkia juu, nikasahau kupumua. Nikaenda, nikapiga majani teke.

Kware akatoka, akanitazama, akaja kwenye buti langu. Kwa kutembea!

Tansy alivumilia labda sekunde tatu. Kisha kamba ikanichana kiganja. Nilipomfungua taya, ndege alikuwa ameshakufa, bado wa moto.

Jumapili, 20 Oktoba

Wengine wawili wamekufa. Mmoja hakuruka kabisa. Mwingine aliruka hatua tatu akatua kama kuku mnene. Tansy hasimami tena. Akipata harufu tu, anarukia. Kwa siku tatu nimemfundisha kile ambacho Delbert alitumia mwaka mzima kumkataza.

Kosa si la mbwa. Si la ndege. Ni la mwanamke mmoja mwenye mtama kiganjani.

Jioni Delbert aliniomba nipeleke simu bandani awasikie kware wakiitana. Nikapeleka. Akasikiliza kitambo, akauliza mbona wako kimya hivyo. Nikasema ni upepo. Upepo haukuwepo. Na Tansy? Anasimama vizuri, nikasema. Uongo haupendi kukaa peke yake.

Jumatatu, 21 Oktoba

Jirani yetu Lowell Schrag kaja na sufuria ya chili, mchuzi wa maharage na nyama, na mikate ya mdalasini ya mkewe. Amefuga mbwa wa kuwinda maisha yake yote, nikaona nimweleze. Nikampeleka bandani. Ndege wote wakaja mlangoni kutupokea.

"Arlys," akasema, "hawa si kware. Hawa ni wazee wa kanisa, wanangoja chakula cha mchana."

Sikucheka. Akaacha utani, akanipa masharti. Mbwa asione hata unyoya kwa siku kumi na tano. Ndege nao wasinione. Turubai kuzunguka banda, chakula nimimine kwa bomba toka nje. Na kila jioni niingie ghafla nikipunga mfuko wa plastiki, waruke mpaka wagonge wavu wa juu.

"Hiyo ni kuwatesa," nikamwambia.

"Hiyo ni kuwarudishia akili zao. Ukiwahurumia wao, mhurumie na Tansy, maana unamjua mzee wako. Na umwambie ukweli."

"Simwambii. Nyonga inamtosha."

"Basi akiniuliza mimi, sitakusaidia kudanganya."

Nikampa sufuria yake.

Jumapili, 27 Oktoba

Ndege thelathini na wanne wananichukia. Wakisikia mlango tu wanalipuka. Ndicho nilichokitaka, na nikitoka nalia. Upumbavu.

Mchungaji peke yake hajali mfuko. Jana aliwapita wenzake katikati ya vurugu ile, pole pole, akapanda buti. Lowell anasema nimtoe, nimtie kwenye sufuria. Nikasema nitafanya.

Sijafanya.

Jumatano, 6 Novemba

Amesimama!

Kware alitoka kwenye majani kwa kishindo hata mimi nilishtuka. Tansy alitetemeka mwili mzima, akalia kidogo, lakini miguu minne ikabaki chini. Nikarudia na ndege wa pili. Akasimama tena. Nimepiga magoti kwenye umande na kumkumbatia mpaka akachoka na mimi.

Jioni wale wawili walirudi wenyewe, wakiitwa na wenzao waliobaki, wakaingia kwa tundu la waya. Nikapeleka simu bandani. Delbert akasikiliza. "Hao sasa ni kware," akasema.

Hapo ndipo ningesema ukweli. Mdomo ulikuwa wazi kabisa.

Ijumaa, 8 Novemba

Yuko nyumbani. Ana fimbo, na suruali inampwaya. Alikwenda kwa Tansy kwanza, kisha kwangu. Sikukasirika. Labda kidogo.

Kesho hataki kwenda mbali, hawezi. Anataka nimwekee kware mmoja alfajiri kwenye majani nyuma ya ghala, amwone Tansy akisimama.

"Na akirukia?" nikauliza, kama natania.

Hakutania. "Nimezeeka sana kuanza upya, mke wangu. Kuna jamaa Oklahoma anatafuta mbwa wa kufunga uani. Atamchukua."

Tansy alikuwa amelaza kidevu juu ya kiatu chake.

Jumamosi, 9 Novemba

Saa moja kasoro asubuhi. Naandika jikoni, kahawa inapoa.

Nilikwenda bandani bado giza giza. Sikuwasha tochi nisiwashtue. Nikapeleka mkono, nikamdaka wa kwanza aliyekuja mkononi, nikamtia mfukoni, nikamzungusha, nikamlaza nyuma ya ghala. Nilikuwa nimesharudi ngazini ndipo nikajiuliza: kware gani wangu siku hizi anakuja mkononi?

Nikarudi bandani mbio. Nikasimama katikati, buti mbele. Hakuna aliyelipanda.

Nimemweka Mchungaji. Nikienda kumtafuta nitamwamsha tu. Nikibadilisha ndege, Delbert ataniuliza kwa nini, na jibu lake lina uongo wa wiki tatu nyuma yake. Yeye yuko verandani, koti la kuwindia limefungwa hadi juu, filimbi shingoni, Tansy kando yake bila kamba. Anasema kumepambazuka, nakawia nini. Nampenda mzee huyu, na ninamwogopa asubuhi hii kama sijawahi.

Nimesema namalizia kahawa.



Sasa ananiita. Si kwa sauti yake ya kila siku. Chini chini, kama mtu aliye kanisani.

"Arlys. Njoo taratibu, mlango usilie. Tansy amesimama hapa verandani. Mguu juu, hapepesi."

Amesimama mbele ya nini, nikauliza, na nilikuwa najua.

"Mbele yangu. Kuna kware kapanda ngazi kwa miguu. Yuko juu ya kiatu changu."

Naandika hili nimesimama. Kupitia dirishani naona mkia wa Tansy umenyooka, unatetemeka ncha tu. Sekunde tatu zimepita. Kumi. Delbert hajamtazama mbwa. Ananitazama mimi, kupitia kioo.

"Mke wangu," anasema, "huyu anaitwa nani?"