Vifaa vya Usukani Ulivyomtumia Baba

Chumba cha juu ya gereji,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Spana,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko, na ule mgongo wako unaendeleaje na kitanda cha watu wafupi? Mama anauliza kama siku hizi unakula chakula cha moto au bado unaishi kwa mkate. Nimemwambia unakula. Usinifanye mwongo.

Sisi hapa tunakwenda. Mama ni mzima, na ulimi wake ni mzima zaidi. Mimi nadunda. Baba nitamfikia, maana barua hii ni ya habari zake tangu mwanzo, nami naona nazungukazunguka kwenye salamu kama mtu anayetafuta spana aliyoishika mkononi.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya nyumba hii haina siri. Ikilia tu baba anavuta kiti, mama anasogea, na Cheche, yule fundi wa kuchomelea wa jirani, anazima moto wake aje kusalimia. Haya ninayotaka kukwambia hayasemeki wakiwa wamenizunguka.

Kwanza mzigo wako. Ulifika salama, haikukosekana hata nati moja. Baba aliufungua kwenye meza kubwa ya gereji, akapanga kila kitu juu ya kitambaa safi: zile tairodi nene za kugeuzia magurudumu, boljointi za kwenye maungio yake, bushi, na steringi boksi yenyewe. Akavifuta vyote, vipya vile, kana kwamba vimetoka matopeni. Wateja waliokuja siku ile walikuta bwana harusi, hawakukuta fundi. Aliwaonyesha kifaa kimoja kimoja na kuwaambia kuwa mwanawe amechagua vya kufaa kotekote, barabarani siku za kazi na uwanjani siku ya mashindano.

Wewe uliondoka kabla hajaanza mambo ya kuvuta mawe, basi nikueleze ili ujue alikuwa akisubiri nini. Pikapu inafungiwa tela la chuma lililojaa mawe, inavuta kwenye udongo uliomwagiwa maji, katikati ya mistari miwili ya chokaa. Nguvu ya dizeli peke yake haitoshi. Ukigusa chokaa umetoka, hata kama ungeweza kuvuta kilima. Mwaka jana baba aligusa chokaa mapema kabisa. Watu walicheka, naye akashuka na kulipiga teke gurudumu la mbele.

Alisema steringi ina mchezo. Tuliinua gari tukakuta ni kweli, tairodi zimechoka na boljointi zinacheza kama jino la mtoto. Ndiyo maana hakuna aliyewaza zaidi ya hapo. Hata kwenye safari za mjini, pikapu ikienda segemnege na mama ameushikilia mlango kwa mikono miwili, sote tulisema ni steringi. Na ndivyo nilivyokuandikia wewe.

Vifaa vyako tulivifunga mimi na yeye. Nikuambie ukweli, nilikuwa na furaha siku hizo. Boliti ndogondogo alikuwa akiniachia nizikaze mimi, akisema vidole vyake vimenenepa. Nilidhani ananipa heshima.

Alipoitoa kuijaribu kwenye barabara ya maghala, pikapu iliyumba kuliko zamani. Ilichomoka kushoto, akairudisha, ikachomoka tena. Alirudi amenuna, akasema ni alaimenti. Tukapima upya kwa kamba, tukanyoosha magurudumu. Akatoka nayo, ikayumba. Akasema boksi imekazwa mno. Tukailegeza, ikayumba vilevile. Mwishowe, unisamehe kwa kukuandikia hili, akasema vifaa vya huko uliko vimetengenezwa kwa ajili ya kuwekwa dirishani, ving'ae watu waone. Usiyaweke moyoni. Mwenyewe ameyalipia.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida tu. Cheche aliishiwa gesi, na kwa kuwa gari lake lilikuwa limelala, akaomba pikapu akachukue mtungi. Baba akamrushia ufunguo na kumwonya kwamba itamtupa mtaroni. Tukasimama getini, mimi na baba, tumtazame. Cheche unamjua anavyoendesha, mkono mmoja uko nje ya dirisha na huo mwingine uko kwenye usukani pale unapojisikia. Pikapu ilikwenda imenyooka mpaka mwisho wa maghala, ikakata kona, ikapotea.

Sikumgeukia baba. Niliendelea kuitazama ile barabara tupu kana kwamba kuna cha kuona. Nilipogeuka hakuwepo. Alikuwa kwenye bomba ananawa mikono, na alinawa kwa muda mrefu sana, mikono ambayo tangu asubuhi haikuwa imeshika kitu chochote kichafu.

Cheche alirudi akisifu kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, eti mtoto wa mzee ametuma dhahabu, eti gari unalielekeza kwa kidole. Alipouona uso wangu akaanza kushusha mtungi.

Hapo ndipo nilipoanza kuunganisha mambo. Kikombe anachokishika kwa mikono miwili. Vifungo vya shati, ambavyo mama humfungia huku wakitaniana, nasi tunaona ni mapenzi ya uzeeni. Ni mkono wake wa kushoto, Spana. Unakufa ganzi, unakaza wenyewe, unauvuta usukani naye hana habari. Steringi ya zamani ilikuwa imelegea kiasi cha kummezea makosa mengi, anavuta na magurudumu hayasikii. Hii uliyotuma inasikia kila kitu. Sisi tulidhani tunatengeneza gari.

Sasa nifike kwenye kinachoninyima usingizi. Cheche, ambaye naye alikuwa ameshaelewa, alinivuta pembeni, akasema turudishe tairodi za zamani kimyakimya ili mzee abaki na kitu cha kulaumu. Hakusema kwa ubaya, wameshinda pamoja ukuta kwa ukuta tangu mimi na wewe hatujazaliwa. Nami nilikubali. Baba alipopanda juu kupumzika baada ya chakula cha mchana, nikaingia chini ya gari. Nati ya kwanza ilikuwa imeshalegea nilipoviona viatu vyake.

Hakunigombeza. Aliniambia nitoke, nikatoka. Akaniuliza, "Umewahi kuniona nikimdanganya mteja?"

Nikasema hapana.

"Basi mbona unataka kunidanganya mimi?"

Akachukua spana kutoka mkononi mwangu, akainama kuirudisha ile nati mwenyewe. Spana ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Akanirudishia. Niliikaza huku nalia, naye akasimama palepale hadi nilipomaliza, kisha akaikagua kama anavyokagua kazi ya fundi yeyote.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini najuta. Nilipaswa kumwambia pale getini, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwamba nimeona alichokiona. Angekasirika, labda angeninunia wiki nzima. Badala yake alijua mambo mawili kwa siku moja, kwamba mkono wake umemwacha na kwamba mwanawe anamwonea huruma ya kujificha chini ya gari. Nadhani hili la pili lilimuuma zaidi.

Aliyempeleka hospitali ni mama. Alimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba yeye hana mpango wa kuwa mjane kwa sababu ya mtaro. Daktari anasema mishipa ya fahamu imebanwa shingoni. Aliuliza baba anafanya kazi gani, na alipojibiwa akatikisa kichwa tu. Miaka yote hiyo ya kulala chali chini ya magari na kutazama juu, shingo imeidai haki yake. Kuna dawa na mazoezi, na huenda akafanyiwa upasuaji ili hali isizidi. Nguvu iliyokwisha kupotea hakuahidi kuirudisha. Kuendesha amemkataza kabisa.

Baba alisikiliza yote hayo kwa adabu, akashukuru, na tulipofika kwenye maegesho akaenda moja kwa moja hadi mlango wa dereva. Alikuwa ameshaushika. Akauachia, akazunguka upande wa pili, akapanda akakaa karibu na mama, usukani nikaushika mimi.

Mashindano yalikuwa jana. Nilikuwa nimeshaamua kuwa hatutakwenda, kumbe yeye alikuwa ameshafika kwa waandaaji, amelifuta jina lake na kuandikisha langu. Hakuniuliza kama nataka. Basi nilivuta, nikawa wa pili, na chokaa sikuikaribia. Usukani ule, Spana, ni mtamu. Ulifanya kila nilichotaka, hata pale mbele ya gari ilipoanza kuelea kwenye tope. Nami nilikuwa nauchukia njia nzima, maana raha niliyoisikia mikononi ilikuwa ya mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa nyuma ya kamba pamoja na watazamaji. Nilipomaliza nilimtafuta kwa macho. Alikuwa ameinua mkono wa kulia juu kabisa. Wa kushoto ulikuwa mfukoni.

Watu walimzunguka kumpongeza. Mmoja akamwuliza ile steringi ya zamani ilikuwa na ubaya gani hasa. Akamjibu kuwa haikuwa na ubaya mkubwa, aliyechakaa ni dereva. Wakacheka, wakaona mzee ana utani. Mama aliniangalia, nami nikajifanya nafuta tope kwenye kioo.

Wewe usijilaumu hata kidogo. Ulituma kwa mapenzi, na pengine vifaa vyako vimemwokoa mtoto wa mtu barabarani, kwa sababu bila hivyo tungeendelea kuisingizia steringi mpaka siku ya msiba. Naliamini hilo, ingawa halinipunguzii majuto. Ukipiga simu usimwulize pikapu inaendeshekaje. Mwulize tulivyopima magurudumu kwa kamba. Hilo atakusimulia mpaka salio lako liishe.

Mama anakusalimu sana, anasema uvae soksi mbili. Cheche anakusalimu pia. Siku hizi anapita gerejini ameinamisha kichwa, na baba ndiye anayemwita aje wanywe chai. Mungu akulinde ugenini, akupe afya na watu wema wa kukutazama unapougua.

Nilitaka kufunga bahasha, nikampa baba kalamu aongeze mstari wake chini kama alivyozoea. Akaitazama, akanirudishia, akasema yeye atatamka na mimi niandike. Nimeandika neno kwa neno:

"Mwanangu, vifaa vyako havina kosa. Nilivisingizia. Usitume kingine. Njoo wewe."

Wako akupendaye,
Dada yako