Bima ya Wakala na Paa la Dada

Msambweni,
Kwale.
9 Februari, 1956.

Mpendwa kaka Othman,

Shikamoo, kaka. Huo mguu uliokuwa ukikusumbua sasa unasemaje? Na kiwanda cha mkonge huko Tanga, bado kinakutoa jasho? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila jua la kaskazi limetukausha hata ndimi.

Dada Mwanamkuu yumo edani na anasubiri kwa imani. Ndugu za marehemu shemeji Chirau wanaliendesha duka lake upande wa mbele wa nyumba, naye dada anakaa vyumba vya nyuma.

Sasa nikueleze langu, maana hapa sina wa kumwambia. Unajua nauza bima za makampuni ya Mombasa, lakini sikuajiriwa na yeyote. Mwezi huu wametaka kila wakala wa namna yangu naye awe na bima, ili akikosea kazini hasara ilipwe. Nilicheka sana. Mganga hajigangi, lakini wakala lazima ajikatie bima!

Kicheko kilikwisha nilipokadiria gharama. Bei hutegemea ukubwa wa biashara yako, na swali moja: je, kuna kosa lako unalolijua, ambalo kesho laweza kuleta madai? Nikijibu hapana, bima hiyo itakula komisheni yangu ya miezi miwili. Nikijibu ndiyo, itameza ya mwaka mzima. Na nikidanganya, siku ya balaa hawatalipa kitu.

Kosa ninalo, kaka. Ni lile paa la dada. Kampuni haikati bima ya nyumba ya makuti. Shemeji alikuwa amekwisha nunua mabati, na mafundi walikuwa wameahidi kuezeka Jumamosi. Basi nilipowakatia bima ya moto ya nyumba yao, nikaandika kwenye fomu kuwa paa ni la bati, nisije nikarudi Mombasa mara ya pili. Ijumaa akafariki. Tangu hapo mabati yako uani na makuti yako juu, kwani nani atathubutu kumfunulia paa mjane aliye edani? Mafundi wenyewe wamekataa, wala siwalaumu.

Nikinyamaza na moto ukazuka, tumeangamia mimi na dada. Nikisema, bima yake inafutwa. Kila nikiona moshi wa jiko lake, natoka nje kuangalia kama ni moto. Ninaogopa, kaka, sikufichi.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Leo asubuhi nimejibu ndiyo, na barua imeondoka na basi. Kwa bei ile, uwakala umekwisha. Na wakishaisoma, dada atakaa chini ya makuti bila bima mpaka atoke eda.

Yeye sijamwambia. Sasa hivi wifi yake Mbeyu ameniletea vitumbua kutoka kwa dada, na salamu zake hizi: "Mwambie Alfani Mungu ampe umri mrefu. Kwa ile bima aliyotukatia, mimi nalala bila wasiwasi."

Nimevipokea, nikasema ahsante.

Nisalimie sana shemeji Mwanafatuma na mwanao Waziri. Mola awahifadhi nyote, awape riziki ya halali na usingizi mwema.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Alfani