Kituo cha Kumi na Nne Bado Ukuta Mtupu

Ijumaa ya Kwaresima. Mvua imenyesha tangu mchana, sasa imepungua, ila tope jekundu limenipanda mpaka magotini. Niko Mpitimbi, nimekaa barazani kwa katekista, naandika kwenye simu. Saa hizi nilitakiwa niwe nimesharudi Songea mjini.

Nimejichoka. Hapana, si kuchoka. Najitia kinyaa.

Miaka sita iliyopita waumini wa kigango hiki waliniita niwachoree Njia ya Msalaba ukutani mwa kanisa lao, vituo vyote kumi na vinne. Nililala kwa katekista karibu mwezi mzima. Kina mama walinipikia kwa zamu, wengine wametoka kulima hata miguu hawajanawa. Nikachora vituo kumi na kimoja. Cha kumi na mbili na cha kumi na tatu niliweka mistari ya mkaa tu, cha kumi na nne sikukigusa kabisa, nikawaambia rangi nyeupe imeisha, nakwenda mjini kununua.

Rangi haikuwa imeisha.

Makopo mawili niliondoka nayo kwenye begi. Ile nyeupe ya sanda ya Yesu niliitumia kuchora povu la bia kwenye ukuta wa grosari moja kule mjini, mtaa wa Lizaboni. Sijawahi kumwambia mtu, hata padri kwenye kitubio. Leo naandika hapa.

Na si hapa tu. Chumba changu nyumbani kimejaa vitu vilivyoanzwa. Kuna sura ya marehemu mama ina jicho moja. Watu wakiuliza nasema msanii hasukumwi. Uongo mtupu. Napenda kuanza, watu wanapokuja kusimama nyuma yangu wakisema huyu jamaa ana mkono. Wakishazoea hawaji tena kutazama, na mimi nalegea. Ni hilo tu. Hakuna siri nyingine.

Leo sikuja kumalizia. Nilikuja kuomba barua. Kuna kanisa upande wa Maposeni wanatafuta mchoraji, na paroko wao kaniambia nilete barua kutoka mahali nilipofanya kazi. Nilijua katekista wa hapa ni mpole, ataandika. Nilipanda bodaboda nikilijua hilo.

Nikawakuta katikati ya Njia ya Msalaba. Nikajibanza nyuma. Wakafika kituo cha kumi na moja, Yesu anapigiliwa misumari. Nilikichora vizuri, na hata pale nilijisifu moyoni. Kisha wakasogea cha kumi na mbili, wakapiga magoti mbele ya mkaa wangu.

Ukuta umepakwa chokaa mpya. Wamepaka kuizunguka mistari yangu, kwa brashi ndogo, wasiifute. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mcheshi, aliniambia baadaye kwamba wanafanya hivyo kila mwaka, ili nikirudi nisipate shida ya kuanza upya.



Tulipotoka nje mama huyo alinisalimia akicheka. "Mchoraji, mwaka wa sita huu tunampigilia misumari tu. Utamshusha lini?"

Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka. Kicheko changu ndicho kilichonikera zaidi.

Kisha akaja Bibi Agatha, ameshikwa mkono na binti yake. Macho yana ukungu mweupe, mtoto wa jicho. Namkumbuka. Mwanae wa kiume alifia machimboni, akazikwa hukohuko na watu bibi asiowajua, na yeye hajawahi kuliona kaburi. Wakati ule alikuwa akija kila siku kuniuliza nitaanza lini cha kumi na nne, pale Yesu anapolazwa kaburini.

Nikamwamkia. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Marahaba, baba. Nashukuru. Kile cha mwisho nimeambiwa umekichora vizuri. Kila Ijumaa nikifika pale nasema haya, na mwanangu naye kazikwa."

Nikamtazama katekista. Akainamisha kichwa.

Bibi akaendelea kueleza kwa furaha kwamba baada ya Pasaka binti yake anampeleka hospitali kutolewa ule ukungu. Akirudi, kabla hata ya kufika nyumbani, atapitia kanisani akione mwenyewe.

Alipoondoka nilimuuliza katekista amefanya nini. Akasema bibi alipoanza kutoona aliuliza kama mchoraji amerudi, naye akashindwa kumwambia hapana. Tangu hapo, wakifika kwenye ule ukuta mtupu, anamnong'oneza picha ilivyo.

"Sasa wewe sema ukweli," akaniambia. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Kama humalizi, niambie leo. Nitakwenda mwenyewe kumweleza kabla hajaona."

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Huwa wananiuliza lini, na kwa lini nina majibu mengi.

Mkewe akaleta ugali na likolo la majani ya maboga, akaniwekea mimi kwanza, kama zamani. Nikala. Sikustahili, na bado nilikula mpaka nikashiba. Ndivyo nilivyo.

Barua sikuomba. Bodaboda aliyekuwa ananisubiri nimemruhusu akaondoka. Nikamwambia katekista anieleze yote aliyomwambia bibi, nikawa naandika. Jiwe kubwa upande wa kushoto. Mama Maria amejifunika khanga. Wanaume wawili wanashusha mwili kaburini, anayeshika miguu ni kijana. Hapo akasita.

"Huyo nilimwambia amevaa shati la bluu," akasema. "Mwanae aliondoka hapa na shati la bluu. Bibi alifurahi sana kusikia, ndiyo maana sijalibadilisha."

Sijiamini. Nisijidanganye kwamba nimekuwa mtu mwingine kwa jioni moja. Najijua, nikifuata mpangilio nitaishia njiani tena. Cha kumi na mbili na cha kumi na tatu vitasubiri.

Rangi ya bluu ipo dukani hapa senta. Kesho asubuhi naanza na kituo cha mwisho, na kwenye hicho, naanza na shati.