Pazia la Lenzi Kubwa

Palma. Jumatatu, 4 Agosti 1969

Nimeharibu picha nyingine. Bibi harusi katoka na pua mbili. Mkono unatetemeka. Nikiondoa kifuniko cha lenzi, kamera yote inatikisika; nikirudisha, inatikisika tena. Na hivi vioo vipya vya kupigia picha tunavyoletewa siku hizi vina haraka mno kukamata mwanga. Havimsubiri mzee.

Muuguzi kasema moyo wangu umechoka. Sidhani nitafunga Ramadhani ijayo. Ndiyo maana naandika. Yaliyomo moyoni yatoke.

Administradori, Mreno mkuu wa wilaya, anataka picha yake mbele ya ofisi, kubwa, ya kutundika. Nikishindwa, atachukua kibali changu. Tangu vita hivi vya Wareno na watu wa msituni, asiye na kibali hapigi picha hata ya mbuzi. Mke wangu Zaituni kasema kamera yangu haijawahi kupiga mbuzi hata kwa kibali. Kweli. Kwa kifuniko, kioo hukaa wazi kitambo, kikakamata aliyetulia tu. Mbuzi, wapita njia, wote hupotea. Maisha yangu yote sijamwambia mtu asipite nyuma ya mteja.

Alhamisi, 7 Agosti

Natafuta pazia la lenzi. Wareno huliita obturadori. Linafungua na kufunga lenyewe kwa springi, mkono haugusi kamera. Askari mmoja wa kambini kanionyesha la kamera yake: tundu kama kifungo cha shati. Lenzi yangu ni ya shaba, nilirithi kwa Mgoa aliyenifundisha kazi kule kisiwani Ibo. Mdomo wa lenzi hiyo ni bakuli la uji. Fundi saa kaipima kwa kiganja, akanishauri nimwone seremala wa milango.

Nimerudi nikihema. Hasira.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimelipata. Siamini.

Bi Kulsumu, mjane wa Mhindi mwenye duka, anafunga duka ahamie Nampula. Juu ya rafu, kisanduku cha mbao chenye tundu kubwa mbele na nyuma. Alikuwa anawekea iliki. Hakujua ni kitu gani. Mumewe alikinunua pamoja na mizigo ya mtu aliyekufa. Ndani mna vijiti viwili na springi, na mpira wa kubana wa kulifyatulia pazia. Kitambaa kimeoza, lakini springi nzima. Nimekivisha mdomoni mwa lenzi nyumbani, kimekaa kama kofia ya mwenyewe. Dukani nilishindwa kujizuia. Bi Kulsumu akaniuliza nimekuja kununua iliki au kulia.

Jumapili, 10 Agosti

Mwanangu Mwanesha ameshona pazia jipya. Kakata buibui lake, kitambaa mara mbili ili mwanga usipenye. Mkono wake hautetemeki.

Niliandike hili. Mwanesha ni mjane. Mumewe Amade alizama mwaka jana. Mtumbwi wake ulikutwa umepinduka karibu na kisiwa cha Makaloe. Tulisoma hitima. Mwanesha alikaa eda, akaimaliza. Mbele za watu nililia. Moyoni niliona afueni. Amade alikuwa Mmakonde wa bara, ana chale usoni, alisilimu ili amwoe. Sikumtaka. Sasa nimempa Nasoro mwenye duka, mtu wa ukoo wetu, neno la kumwoza. Mwanesha anasema bado. Kila nikimuuliza, bado.

Jumanne, 12 Agosti

Nimepiga. Administradori kasimama mbele ya ukuta mweupe wa ofisi, koplo wa sipai, wale askari weusi wa ofisi, pembeni. Nimebana mpira, pazia limeanguka: tap. Kwisha. Sipai mmoja kauliza lini naanza.

Jumatano, 13 Agosti

Picha nimeipeleka ikiwa na unyevunyevu bado. Sijawahi kutoa kazi kama hii. Vifungo, nyuzi za kofia, hata nzi ukutani. Administradori kawaita wenzake waje kuiona. Nimerudi nyumbani kijana.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimetoa nakala yangu. Nimeitazama kwa kioo cha kukuzia, nifurahie tu.

Nyuma ya bega la Administradori, kwenye kona ya ukuta, kuna mtu anapita na gunia la mihogo begani. Kageuza uso kwenye kamera.

Amade.

Nimekaa chini. Nimetazama tena. Amade. Chale zake zinahesabika. Mtu niliyemsomea hitima anapita hatua chache nyuma ya Administradori, na mimi kwa mikono yangu nimeipeleka sura yake ofisini.

Kwa kifuniko asingekaa kwenye kioo. Asingekuwapo kabisa. Sikutazama nyuma ya mteja. Sikujua kwamba sasa inabidi kutazama.

Na aibu kubwa kuliko zote: jambo la kwanza lililonijia si hofu, wala furaha kwamba yu hai. Niliona jinsi sura ilivyotoka safi. Nilijisifu. Kisha ndipo nikaogopa.

Siku hiyo hiyo, baada ya alasiri

Nimemwita Mwanesha, nikamwonyesha. Hakushangaa. Alifunika kinywa kwa kanga, akatazama picha, si mimi.

"Yuko msituni, Baba. Na wapiganaji wenzake wa ng'ambo ya Ruvuma. Anakuja siku za soko."

"Na mtumbwi?"

"Aliupindua mwenyewe."

"Na eda?"

"Nilikaa. Ungeamini amekufa kama nisingekaa?"

Zaituni alikuwa mlangoni. Naye alijua. Nyumba nzima ilijua isipokuwa mimi, kwa sababu walijua sikumpenda. Na mimi nilikuwa namwoza mke wa mtu aliye hai. Astaghfirullah.

Nikamuuliza Mwanesha kwa nini hakunionya kuhusu picha. Akasema kamera yangu haishiki wapita njia. Amade naye alijua hivyo. Alipita hapo akicheka.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikulala. Wakimtambua, watamwua. Kisha watakuja hapa kumchukua Mwanesha.

Njia ni moja. Kwenye kioo cha asili, kile kinachotolewa picha, mambo yako kinyume: ukuta mweupe ni mweusi, na mtu mweusi anang'aa. Ukimpaka wino mwanga usipite, kwenye karatasi anageuka ukuta. Kazi ya kurekebisha nimeifanya miaka mingi, chunusi na makovu ya watu. Nimeshika brashi. Tone limeangukia karibu na sikio la Administradori. Mwanesha kachukua brashi mkononi mwangu.

Kaanza na gunia. Kisha miguu. Uso kauacha mwisho. Alipofika usoni alisimama, akanawa mikono, akarudi. Alimpaka mumewe mpaka akawa ukuta.

Nilitoka nje. Sikuweza kutazama.

Jumamosi, 16 Agosti

Nilikwenda na picha mpya chini ya koti. Uongo niliuandaa: ile ya kwanza ilioshwa kwa maji ya kisima yenye chumvi, itageuka kahawia kabla ya mwezi kwisha.

Administradori hakuwapo. Alikuwapo koplo wa sipai, mtu wa hapa hapa, jirani wa mtaa wa pili. Picha ya kwanza ilikuwa mezani mwake. Kidole chake kilikuwa juu ya kona ya ukuta.

Nilianza habari ya kisima. Hakunisikiliza.

"Mzee, hitima ya mkweo nani alikaa karibu nawe?"

Nikasema ni yeye.

"Basi. Niliyemsomea hitima mimi, amekufa. Lete hiyo mpya."

Alibadilisha kwa mkono wake, ile ya kwanza akanirudishia. Kisha akaniambia, taratibu, kwamba maiti nao wana adabu zao, wasipite sokoni.

Sijui nilifikaje nyumbani.

Jumanne, 26 Agosti

Siku kumi kitandani. Hakuna aliyekuja kutuuliza kitu. Picha mpya imetundikwa. Administradori katuma sifa kupitia Zaituni: ukuta umetoka mweupe sana.

Habari zimemfikia Amade. Hatapita tena Palma. Nasoro nimemwambia nimeghairi, kosa ni langu. Kanuna.

Nakala yangu ilichomwa mapema, na picha ya kwanza tumeichoma jikoni. Mwanesha aliomba aitazame kwanza. Ndiyo picha pekee ya Amade iliyobaki. Aliitia motoni mwenyewe. Nilimwambia mumewe akija nikiwa hai, aingie kwa mlango wa mbele wa nyumba hii. Nikifa, vilevile.

Leo nimepata nguvu ya kukaa. Nilikuwa nimebakiza kioo kimoja cha zamani, cha polepole. Nimemketisha Mwanesha uani, mgongo barabarani. Pazia nimeliacha sandukuni. Zaituni ndiye aliyeondoa kifuniko, mimi nikahesabu, akarudisha.

Nyuma yake barabara ilikuwa imejaa watu wanatoka sokoni. Kwenye kioo yuko peke yake.